Watoto 84, darasa la tatu, kusoma hawalingani: nianze na kifaa gani?

Swali lilivyokuja, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Nafundisha darasa la tatu huku Shinyanga vijijini, nina watoto 84, wapo wanaosoma vizuri na wapo ambao hata silabi bado, nyumbani wengi wanaongea Kisukuma. Kwenye grupu letu la WhatsApp zimetumwa PDF kibao, za upimaji, za kusoma na kuandika, na hizi za mbinu za uchunguzi, nimedaunlodi mpaka kishikwambi kimejaa na sijui nishike ipi. Wathibiti ubora (wakaguzi wa shule) wanaweza kuja muda wowote, na mwakani hawa watoto wana upimaji wa darasa la nne. Nianze na nini?"

Marahaba mwanangu, na pole na hilo darasa. Jibu fupi: anza na karatasi moja tu ya kuwapima kusoma, mmoja mmoja, na hizo PDF ziache zilale kwanza. Jibu refu ndo hili hapa.

Kwanza nikwambie kwa nini siamini kwenye kugawa vifaa kabla ya kupima. Miaka ya tisini huko Busia, magharibi ya Kenya, kuna shule zilipewa vitabu vya kiada bure, alafu watafiti akiwemo Michael Kremer (huyu ndo baadae alipata Nobel ya uchumi 2019 pamoja na Banerjee na Duflo) wakazilinganisha na shule ambazo hazikupewa. Kila mtu alitegemea alama zitapanda. Wastani haukupanda. Waliofaidika ni wale watoto ambao tayari walikuwa juu, kwa sababu vitabu vilikuwa vya Kiingereza na vya kiwango ambacho wengi darasani hawajakifikia, yaani mtoto ana kitabu kizuri kipya mkononi ila hawezi kukisoma. Sasa we ukichukua PDF yoyote ukaprinti ukawagawia watoto 84 bila kujua nani yuko wapi, unarudia kilekile cha Busia, tofauti ni kwamba hela ya fotokopi imetoka mfukoni kwako.

Kwaiyo tuje kwenye karatasi ya kupimia. Hii haina ufundi mkubwa na hakuna wa kukuuzia. Wahindi wa shirika la Pratham ndo walioisambaza, tangu 2005 wanazunguka vijijini na upimaji wao wanaouita ASER, na huku kwetu ikaja kupitia Uwezo ambao walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba Tanzania, Kenya na Uganda wakimpa mtoto karatasi yenye ngazi nne: silabi, maneno, aya, hadithi. Kiwango chake ni cha darasa la pili, hata mtoto wa darasa la saba anapimwa kwa hiyohiyo. Ukiipata ya kwao sawa, ila mi nakushauri uandike ya kwako kwa mkono, kwa herufi kubwa zinazosomeka, na aya isitoke kwenye kitabu chenu cha kiada. Hili la mwisho lishike sana. Watoto wetu wanakariri. Ukimpa ukurasa wa kitabu alichokisikia kikisomwa kwa sauti tangu Januari atakutiririshia wote huku macho yanaangalia dirishani.

Mfano. Silabi kumi, changanya nyepesi na ngumu: ma, ki, te, sha, nyu, mbo, dhi, kwe, ng'o, ngu. Maneno kumi: kuku, embe, shoka, nyumba, mbegu, kiatu, ng'ombe, dhahabu, mchwa, kijiji. Aya ya sentensi nne, kwa mfano: Neema ana mbuzi mweupe. Mbuzi wake anapenda majani mabichi. Jana mbuzi alikata kamba. Neema alimkuta shambani kwa jirani. Alafu hadithi ya maneno kama 60 hivi, yenye mwanzo na mwisho, na maswali mawili chini, moja jibu lake limeandikwa waziwazi na lingine mpaka mtoto afikiri. Kwa ile aya ya Neema ningeuliza "mbuzi alikutwa wapi?" alafu "unadhani jirani alisemaje alipomwona?" Lile la pili ndo linakuonyesha kama mtoto anasoma au anatamka tu.

Unavyofanya: kaa chini ya mti au kwenye veranda, mtoto mmoja anakuja, unaanza na aya, usianze na silabi. Akiisoma kama mtu anayesoma sentensi, makosa mawili matatu si kitu, mpandishe kwenye hadithi. Akikwama, mshushe kwenye maneno, achague matano mwenyewe, akipata manne ndo ngazi yake. Akikosa, silabi, vilevile nne kati ya tano. Asiyepata hata silabi ana ngazi yake pia, mwandike "bado". Dakika tatu nne kwa mtoto, kwaiyo 84 ni kama saa tano kwa jumla, ukichukua watoto 17 kwa siku umemaliza wiki moja. Waliobaki darasani wape kazi ya kunakili au kuchora, na mwombe mwalimu wa jirani awaangalie mlangoni. Usimkosoe mtoto wakati wa kupima na usimfundishe hapohapo, najua mkono utawasha, jizuie, mwambie asante aende.

Kuna mambo ya kuangalia ambayo kwenye PDF hutayakuta. Huko Usukumani watoto wengi r wanaitamka l, mtoto akiona "rafiki" akasema "lafiki" amesoma sahihi, huyo mpe alama yake, ni matamshi ya kwao na yatakuja kunyooka taratibu. Hivohivo kwa dh anayeitamka z. Ila akiona "rafiki" akasema "rafu", huyo amekisia kwa kuangalia mwanzo wa neno, hilo ni kosa la kusoma na ni kosa zito. Mwingine anasoma silabi kwa silabi, mbu-zi wa-ke a-na-pe-nda, anafika mwisho kachoka na ukimuuliza habari ya nani hajui. Huyo usimweke ngazi ya aya, ni wa maneno. Na kama unashuku mtoto anakariri, funika mistari kwa kipande cha boksi umsomeshe kuanzia chini kwenda juu, utajua mara moja.

Utakutana na watu wanaokwambia upime maneno kwa dakika, ule upimaji wa kusoma unaoitwa EGRA uliotengenezwa na shirika la RTI la Marekani mwaka 2006 na umefanyika sana Tanzania na Kenya. Si mbaya, kasi ina maana yake, mtoto anayesoma polepole mno anasahau mwanzo wa sentensi kabla hajafika mwisho. Lakini usichukue viwango vya maneno ya Kiingereza ukavileta kwenye Kiswahili, maneno yetu ni marefu, "wanapokimbizana" ni neno moja lenye silabi saba. Kwa darasa la watoto 84 mi ningeacha stopu wochi kabisa mpaka muhula wa pili.

Ukimaliza, chukua daftari, kurasa mbili zinazotazamana, majina kushoto, alafu safu nne za tarehe nne kwa mwaka. Kwenye kila safu unaandika herufi tu: B, S, M, A, H, yaani bado, silabi, maneno, aya, hadithi. Basi. Hiyo ndo kumbukumbu ya upimaji endelevu ambayo hata mthibiti ubora akija unamfungulia na anakuelewa ndani ya dakika moja, na ukimwonyesha kwamba Februari ulikuwa na watoto 40 kwenye silabi na Mei wamebaki 22 atakuheshimu kuliko faili la rubriki (majedwali ya vigezo vya kupimia) zilizojazwa usiku mmoja. Nasema hivo bila kudharau rubriki. Wakenya kwenye mtaala wao wa umilisi wana ngazi nne, kuzidisha matarajio, kufikia, kukaribia na mbali na matarajio, na kama una muda ni nzuri kwa kazi za mikono na insha. Kwa kusoma kwa darasa lako, herufi tano zinatosha.

Sasa makundi. Hapa ndo wengi wanapima alafu wanarudi kufundisha darasa zima ukurasa wa 14 kama kawaida, na kipimo kinabaki cha maonyesho. Saa moja kwa siku, kama unaweza kwa kukubaliana na mwalimu wa darasa la pili na la nne, watoto wapangwe kwa ngazi na si kwa darasa. Pratham wanaita kufundisha kwa kiwango cha mtoto na kimefanyiwa utafiti mkubwa India, hao kina Banerjee na Duflo wakiwemo. Kama mkuu wako hajakubali, fanya ndani ya darasa lako: kundi la "bado" na silabi linakaa mbele na wewe, la maneno linafanya kazi wawiliwawili, la aya na hadithi linasoma lenyewe na kuandika. Kesho yake unahama, ila mbele pawe zamu yao mara nyingi zaidi. Usiyaite kundi A na B na C, watoto wanajua maana yake siku hiyohiyo, waite majina ya ndege au ya miti ya hapo kijijini, na wahamishe kila baada ya wiki chache, mtoto asizeeke kwenye kundi la chini.

Zana za kundi la silabi ni boksi na makapeni, kwa kweli. Kata kadi, andika silabi, mia moja zinatosha, wape wajenge maneno sakafuni. ka-ka, ka-ta, ta-ka, ka-ti-ka. Kiswahili kimetupendelea hapa, silabi unavyoiona ndivyo unavyoitamka, mtoto akishajua mfumo anafungua maneno ambayo hajawahi kuyaona, wenzetu wa Kiingereza wanahangaika na neno mojamoja. Wanapokwama sana ni kwenye ng na ng', mb, nd, nj, kw, mw, na zile za kukopa dh, th, gh. Hizo zipe siku zake, moja kwa wiki, usizirundike.

Kwa kundi la maneno na aya, kifaa ninachokipenda kuliko vyote hakipo kwenye PDF yoyote: maneno yao wenyewe. Uliza jana kulitokea nini kijijini. Mmoja atasema ng'ombe wa mzee fulani alitumbukia kwenye lambo. Waache wasimulie, hata wakianza Kisukuma, alafu msaidiane kukisema kwa Kiswahili, we unaandika ubaoni kwa herufi kubwa sentensi nne au tano kama walivyosema, usizipambe. "Ng'ombe aliingia kwenye lambo. Alikwama kwenye matope. Watu walimvuta kwa kamba." Wanasoma, tena na tena, mnafuta neno moja wanalirudisha, wanakata sentensi kwenye manila wanazipanga upya. Mtoto aliyekataa kusoma habari za Juma na Asha wa kwenye kitabu atagombania kusoma ya ng'ombe wa lambo kwa sababu alikuwepo. Manila ukizitunza kwa mwezi una maktaba ya ukutani ya hadithi 12 na umelipia manila na wino tu.

Baada ya hapo ndo unafungua kishikwambi. Kwa hadithi, nenda African Storybook, ni mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini uliozinduliwa 2014, una hadithi nyingi za Kiswahili zilizopangwa kwa ngazi, kuanzia za maneno machache kwa ukurasa mpaka za aya ndefu, na leseni yake ni ya wazi, unaruhusiwa kuprinti, kunakili, hata kutafsiri bila kumwomba mtu. Wana programu ya kusomea ambayo ukishashusha hadithi hauhitaji tena bando. StoryWeaver ya Pratham Books ni ya namna hiyohiyo, Kiswahili kipo ila soma kila hadithi kabla, tafsiri nyingine zina harufu ya kutafsiriwa na mtoto wa Shinyanga atakuuliza maswali ambayo huna jibu. Vitabu vya kiada unavipata bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, hivyo kama shule ina nakala kumi kwa watoto 84 angalau we uwe na kitabu chote na kiongozi cha mwalimu. Hakikisha ni toleo la mtaala mnaoutumia sasa, maana tangu mtaala ulioboreshwa uanze Januari 2024 kuna PDF za zamani bado zinazunguka kwenye magrupu kama mpya. Na katuni za Ubongo, hawa ni wa Dar es Salaam, Akili and Me ni ya watoto wadogo wa chekechea kwaiyo kundi lako la "bado" watafaidi nyimbo zake za herufi ila wakubwa watacheka, Ubongo Kids ndo saizi ya darasa la tatu kwenda juu.

Ukishapata hadithi usiprinti nakala 84. Hadithi moja, nakili kwa mkono kwenye manila nne, ning'iniza, kundi zima linasoma. Au printi nakala kumi kwa kundi linalosoma, wasome wawiliwawili, mmoja anasoma mwingine anafuatisha kwa kidole, wanabadilishana.

Kidogo kuhusu vishikwambi maana najua kuna mtu atakuja kukuuzia programu. Kati ya 2017 na 2019 mkoani Tanga lilifanyika jaribio la Global Learning XPRIZE, vijiji kama 170, watoto wasiokwenda shule walipewa tableti zenye programu za Kiswahili wajifunze wenyewe kusoma na kuhesabu, washindi wakawa wawili, onebillion na Kitkit School, na watoto kweli walisogea kutoka kutojua neno lolote. Cha maana kwako ni kwamba programu za washiriki wa fainali ziliachwa wazi kwa yeyote kuzitumia, kwaiyo kabla hujalipa mtu hela uliza kwanza cha bure kipo wapi. Na we una kishikwambi kimoja, pengine ni hivi vya sensa ya 2022, kwa watoto 84 hicho ni kifaa cha mwalimu, cha kusomea na kuandalia. Usijaribu kukifanya cha mwanafunzi.

Tuje kwenye uchunguzi, au udadisi kama wengine wanavyouita. Naona walimu wengi wanaogopa hapa wakidhani kunahitaji maabara. Kuna ile njia ya hatua tano iliyotengenezwa na BSCS, taasisi ya elimu ya sayansi ya Marekani, miaka ya themanini, kuvutia, kuchunguza, kueleza, kupanua, kupima, utaikuta kwenye PDF yoyote ya mbinu hizi, na kinachotakiwa ushike ni mpangilio tu: mtoto anachunguza kabla mwalimu hajaeleza. Sisi tumezoea kinyume, tunaeleza, tunaandika ubaoni, alafu "jaribio" linafanyika kuthibitisha tulichosema. Kwa maswali ya kuanzia, miongozo ya mtaala wa Kenya ya KICD (taasisi yao ya mitaala) ina kitu kinaitwa swali dadisi kwenye kila mada ndogo, mengine ni makavu ila mengine mazuri, na hakuna sheria inayokukataza kuazima kwa jirani. TESSA pia, mradi wa Chuo Kikuu Huria cha Uingereza na vyuo vya Afrika ikiwemo Huria yetu, wana moduli za Kiswahili za sayansi na kusoma zenye shughuli zilizojaribiwa kwenye madarasa makubwa kama lako, kwenye mambo yote uliyotumiwa hiyo ndo ningeisoma ya kwanza.

Ngoja nikupe shughuli moja kamili. Fimbo ya mita moja, isimamishe wima uwanjani palipo wazi. Swali: kivuli kitakuwa kifupi kabisa saa ngapi? Kila mtoto anaandika kisio lake kabla, wengi wataandika saa sita kwa sababu ndivyo walivyosikia. Kuanzia saa tatu asubuhi kila nusu saa, na kuanzia saa sita kila robo saa, watoto wawili wanatoka na rula au kamba iliyowekwa alama, wanapima, wanaandika kwenye jedwali lililopo ubaoni, saa na sentimita. Masomo mengine yanaendelea kama kawaida. Wanapofika saa sita kamili kivuli bado kinapungua. Saa sita na nusu bado, au ndo kinakaribia. Kifupi kabisa kitakuja huko kuelekea saa saba, kwa wastani saa saba kasoro robo, inategemea na mwezi. Sababu ni kwamba saa zetu za Afrika Mashariki zimepangwa kwa longitudo 45 mashariki, inayopita huko karibu na Mogadishu, na Shinyanga ipo kwenye 33 na nusu hivi, kila nyuzi moja ni dakika nne, kwaiyo jua linachelewa kwenu kama dakika 46. Darasa la tatu hauwaelezi longitudo, hapana. Unawauliza: tuamini nini, tulichosikia au tulichopima? Turudie kesho? Na je kivuli cha mchana kilielekea wapi? Weka jiwe pale. Kuanzia Oktoba mpaka mwanzoni mwa Machi kwenu kitaangukia kaskazini, miezi mingine kusini, ukirudia mara mbili kwa mwaka wataona fimbo ileile, kivuli kimegeuka upande, na hapo maswali yatakayotoka ni ya kwao, hujayachomoa kwenye PDF.

Kitu cha hatari kuliko vyote kwenye siku hiyo ni mwalimu kufuta "saa 6:45" akaandika "saa 6:00" kwa sababu ndo jibu la kitabuni. Tuna historia na hili. Mwaka 1963 kijana wa kidato cha tatu pale Magamba, Lushoto, Erasto Mpemba, alikuwa anatengeneza aiskrimu ya maziwa na wenzake, akaweka ya moto kwenye friza bila kuipoza asije kukosa nafasi, ikaganda kabla ya ya mwenzake ambayo haikuchemshwa. Akamuuliza mwalimu akaambiwa umechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akachekwa tena. Mpaka akaja mgeni kutoka Chuo Kikuu Dar es Salaam, Denis Osborne, ambaye badala ya kucheka alirudi akajaribu, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wanafizikia mpaka leo wanabishana kuhusu hilo jambo, wengine hawalikubali kabisa, na mi sioni tatizo, kubishana kwa vipimo ndo kazi yenyewe.

Angalia sasa hiyo fimbo imekupa nini. Jedwali ni kusoma na kuandika: kundi la silabi wanasoma maneno "asubuhi", "mchana", "fupi", "refu", kundi la maneno wanaandika sentensi moja, "Saa nne kivuli kilikuwa sentimita 90", kundi la hadithi wanaandika aya nzima ya walichokiona na kilichowashangaza. Zile aya ni upimaji wako wa uandishi na wa sayansi kwa pamoja. Siku moja, fimbo moja, na kwenye andalio la somo unaandika masomo matatu. Mbegu za maharage kwenye chupa za maji zilizokatwa, moja gizani kabatini moja dirishani, inaenda hivohivo.

Upimaji wa kila siku nitaupitia haraka, maana mengi unayajua. Acha kabisa "tumeelewaaa?" "Ndiyooo mwalimu!", hicho si kipimo. Andika majina yote kwenye vijiti, weka kwenye kopo, uliza swali kwanza, nyamaza, alafu ndo uchomoe kijiti. Hapo kwenye kunyamaza hesabu moja mpaka tatu kimoyomoyo. Mary Budd Rowe alichunguza madarasa ya Marekani miaka ya sabini akakuta mwalimu anasubiri sekunde moja tu hivi baada ya kuuliza, na wale waliofundishwa kusubiri tatu au zaidi majibu yakawa marefu na watoto wanyonge wakaanza kusema. Kuna pia kibao, kipande cha ubao au hata boksi gumu lililozungushiwa nailoni nyeupe waandike kwa makapeni ya kufutika, swali moja, wote wananyanyua juu, kwa sekunde kumi umeona 84. Na dakika tano za mwisho swali moja kwenye kipande cha karatasi, usisahihishe kwa alama, gawa mafungu matatu, wamepata, nusunusu, hamna, na fungu la tatu ndo linakwambia kesho unaanzia wapi. Watafiti wa Uingereza, Black na Wiliam, waliandika tangu 1998 kwamba upimaji unaobadilisha ufundishaji wa kesho ndo unaomwinua mtoto, hasa wa chini, na kwamba maoni ya maneno yana faida ambayo alama peke yake haina. Kwa madaftari 84 maoni hayawezekani kila siku, chukua kumi kwa siku, waandikie sentensi moja ya maana, wengine tiki.

Kuhusu upimaji wa darasa la nne usianze kuwapa mitihani iliyopita sasa hivi. Mtoto wa ngazi ya maneno ukimpa karatasi ya NECTA (Baraza la Mitihani) unampima uvumilivu. Mpeleke kwanza aya, ikifika muhula wa mwisho waonyeshe maswali yanavyokaa. Na kwenye jumuiya yenu ya ujifunzaji ya MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) peleka lile daftari la herufi tano badala ya kwenda kusikiliza tu, waombe wenzako wa darasa la pili na la nne nao wapime wiki hiyohiyo, hapo hoja ya kupanga watoto kwa ngazi kwa mkuu wa shule itakuwa na namba nyuma yake.

Hizo PDF usizifute. Wiki ya tatu, ukishajua una B wangapi na H wangapi, zifungue moja moja na swali moja tu: hii inamsaidia nani kati ya hawa? Isiyo na jina la mtoto wako hata mmoja, itoe upate nafasi ya hadithi. Ukimaliza kupima nitumie hesabu ya kila ngazi, tuangalie ratiba ya makundi pamoja, maana darasa lenye B 30 linapangwa tofauti kabisa na lenye B watano.